Tepe Saba za Mashine ya Umeme

Juzi nilimkuta mpwa wangu pale Kibaha anatoboa kompyuta kwa drili. Ofisi yao ilikuwa inaondoa mashine chakavu, na watu wa kuzivunja walikuwa wamekuja na gari lao: shaba wanaitenga huku, plastiki kule. Kabla hazijapakiwa, yeye alitakiwa kutoboa ile sahani ya ndani inayotunza kumbukumbu, moja baada ya nyingine, huku mwenzake anaandika namba na kutia sahihi. Akaniambia, kwa ile sauti ya upole ambayo vijana wanaitumia kwa wastaafu, kwamba kufuta tu hakutoshi. "Shangazi, mashine inakumbuka." Nikamjibu kwamba hilo nilifundishwa kabla yeye hajazaliwa, na aliyenifundisha ni mama yangu. Akacheka. Huyo bibi yake anamjua kwa picha moja tu, amekaa kwenye kigoda na jembe miguuni, na hakuona jembe na kompyuta vinakutana wapi.

Vinakutana. Sikiliza.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya umma Kibaha, na nilikuwa nimepanga chumba kimoja Tangini. Ilikuwa miaka ya sukari kwa foleni na sabuni kwa kibali. Karatasi tulichapa pande zote mbili, na bahasha tuliigeuza ndani nje tukaitumia tena. Wenzangu walinung'unika. Mimi sikunung'unika, maana nilikuwa nimelelewa hivyohivyo, na hata leo ukitupa kifuniko cha chupa mbele yangu tutakosana.

Mama yangu aliishi kijijini kwetu Kisarawe, njia ya kwenda Maneromango. Baba alikuwa amefariki, nami ni mtoto wake wa pekee wa kike. Mama alikuwa hatupi kitu. Kopo la maziwa kwake lilikuwa koroboi, na koroboi ikichoka ilikuwa kipimo cha karanga, na kipimo kikitoboka kilikuwa cha kumwagilia mchicha. Utotoni alikuwa amehifadhi sura nyingi za Kurani kwa kusikiliza tu, akazisoma mpaka mwisho bila kukwama. Lakini herufi za shule hakuwa nazo. Barua zangu alisomewa na jirani, na mimi kila nilipoandika nilikuwa namwandikia jirani pia, kwa hiyo niliandika salamu tu na hali ya hewa.

Sasa mashine. Ilikuja kwenye sanduku la mbao pamoja na tepe nane: mashine ya chapa ya umeme, ya kwanza katika ofisi yetu. Wahasibu waliacha meza zao wakaja kuitazama. Ukigusa kitufe, herufi imeshapigwa kabla kidole hakijarudi. Kwa muda niliringa, sikatai. Mkuu wa ofisi akiita "mama wa umeme" nilijua ni mimi, na nilikuwa sijatimiza hata miaka ishirini na mitano.

Mashine zetu za zamani zilitumia utepe wa kitambaa uliolowa wino. Ule ulikuwa unakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, herufi zinapigwa juu ya herufi mpaka utepe mzima unakuwa giza. Hii ya umeme ilikuwa na utepe mwembamba wa plastiki, mweusi, unaopita mara moja tu na kwisha. Ukiisha, unatoa kigurudumu chake na kuweka kingine. Mita nyingi za plastiki imara, zinatumika wiki mbili tatu, basi.

Amri ya ofisi ilikuwa kwamba takataka zote za siri zichomwe kwenye pipa nyuma ya jengo kila Ijumaa: rasimu zilizoharibika, na hasa karatasi za kaboni, ambazo ukiziinua kwenye mwanga unasoma barua nzima. Nilizichoma kwa uaminifu. Zile tepe sikuzichoma. Niliutazama ule wa kwanza ulipokwisha, nikauvuta, haukukatika. Nikasema huu nao ni takataka? Akilini mwangu utepe ni utepe, wa kitambaa au wa plastiki: kitu cha kupitishia wino tu, hakina neno. Nikautia kwenye mkoba, na nilipokwenda nyumbani kusalimia nikampelekea mama akafungie mizigo.

Mama aliupokea kana kwamba nimemletea khanga. Akafungia kuni, akafungia majani ya kisamvu, akafungia kuku miguu siku ya gulio. Akasema ofisi yetu ni ofisi ya maana. Kwa hiyo kila nilipokwenda nilipeleka mwingine, na katika miezi kadhaa nikawa nimepeleka tepe saba.

Wa nane ulikuwa bado kwenye mashine siku mashine ilipokufa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukatoka moshi mdogo na harufu mbaya, na "mama wa umeme" akarudi kwenye mashine ya mkono.

Tulikuwa na mtunza bohari mzee, mtu wa kwao Mlandizi, mwembamba, penseli sikioni, ambaye hakuwahi kupandisha sauti na kwa sababu hiyo tulimwogopa zaidi ya mkuu. Kifaa kikifa, yeye ndiye aliyekizika. Alikuja na bisibisi na daftari, akaifungua ile mashine sehemu kwa sehemu: mota upande huu, skrubu kwenye kopo, waya umekunjwa. Kila kipande alishakipangia pa kwenda, idara ya ufundi ya shule fulani, karakana ya matrekta, na lile ganda la bati mwenyewe alisema litafaa kuwa sanduku la posta. Nilipenda kumtazama. Nilijiambia huyu angeelewana na mama.

Halafu akautoa utepe wa nane, akaufungua kiasi cha mkono mmoja, akauinua dirishani. Akaanza kusoma. Alisoma barua niliyoichapa wiki iliyopita, ya mtu kuomba likizo, herufi kwa herufi, bila kukosea, kama ameishika karatasi yenyewe.

Kila nilipopiga herufi, herufi ile ilikuwa imetoboka kwenye weusi wa plastiki na kubaki pale, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mpangilio wake.

"Binti yangu," alisema, "mashine hii haisahau. Zilikuja tepe nane. Hizi saba nyingine ziko wapi?"

Nikasema zipo. Haukuwa uongo, zilikuwepo, Kisarawe. Akaandika kwenye daftari lake kwamba zipo, akasema kamati ya kufuta vifaa inakaa Jumatatu saa nne, atazihesabu mbele yao kisha zitachomwa. Ilikuwa Ijumaa.

Nilirudi kwenye kiti nikaanza kukumbuka nilichochapa miezi ile, na kila nilichokumbuka kilizidi kile cha kabla yake. Kubwa kuliko yote, orodha ya uhamisho. Nani anabaki, nani anakwenda Kigoma, nani Lindi. Orodha ile ilikuwa haijatangazwa, na nusu ya ofisi walikuwa wananiletea maembe na tabasamu wapate kuidokoa. Nilikuwa nimekula maembe na kufunga mdomo. Sasa ilikuwa inafungia kuku gulioni. Ikijulikana, kazi sina, na mpiga chapa aliyefukuzwa kwa kuvujisha siri hapati hata kazi ya kufagia.

Jumamosi asubuhi nilidandia lori lililoshusha mihogo na kurudi tupu Kisarawe. Kutoka hapo nikapata trekta la kijiji, nikakaa juu ya bomba la maji kwenye tela, na barabara ile ikanipiga kila mahali palipopigika. Sikusikia maumivu. Nilikuwa nahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka saba, halafu naanza tena.

Wa kwanza niliukuta kabla sijafika nyumbani. Jogoo wa jirani alikuwa na utepe mguuni, kipande cha urefu wa mkono. Nikamkimbiza. Mtu mzima, sketi ya ofisi, viatu mkononi, namkimbiza jogoo wa watu mchana kweupe, na wanaopita wananiamkia "Shikamoo dada" nami naitikia marahaba huku nakimbia. Nilimkamata kwenye mihogo. Nilikiinua kile kipande kwenye jua nikasoma: kilikuwa kinahusu ununuzi wa ndoo. Nikakichukua hata hivyo.

Mama hakuwepo nyumbani. Nilisikia sauti za wanawake kutoka kwenye banda la darasa la ngumbaru, la watu wazima wanaojifunza kusoma, wote kwa pamoja wakivuta silabi, nikaenda huko. Nilijua darasa lipo, kila kijiji kilikuwa nalo, lakini mama hakuwahi kuniambia amejiunga. Vitabu havikutosha, chaki ilikuwa imekwisha. Mwalimu wao, msichana aliyemaliza darasa la saba, alikuwa ameutandaza utepe wangu kutoka nguzo hadi nguzo, jua la alasiri likiwa nyuma yake, na herufi zilikuwa zinang'aa zote, ndogo na safi. Wanawake kama kumi na watano wamekaa mkekani, watoto mapajani. Na mbele yao, fimbo mkononi, akionyesha herufi moja baada ya nyingine, mama yangu.

Mashine haikuwa inasogeza utepe panapokuwa na nafasi, kwa hiyo maneno yalikuwa yameshikana yote, na darasa ndilo lililokuwa likiyatenga. Mwanamke mmoja anasema neno linaishia hapa, mwingine anasema bado, wanabishana, wanacheka, wanapiga kura. Walikuwa kwenye orodha ya uhamisho. Walikuwa wameimaliza karibu yote.

Nilisimama pale, siri ya ofisi imetandazwa mbele yangu, na bado, Mungu anisamehe, nilitaka kupiga vigelegele. Mama yangu alikuwa anasoma.

Waliponiona walifurahi, wakanikalisha mkekani, na kabla sijafungua mdomo mwanamke mmoja akaniuliza yule bwana anayepelekwa Kigoma amekosa nini, maana wamemwonea huruma tangu Jumanne. Mwingine akauliza kama ana watoto. Nikawaambia. Nikawaambia yote: kwamba ile ilikuwa siri ya ofisi, kwamba mjinga ni mimi, na kwamba tepe zote saba zisiporudi Jumatatu sina kazi. Kisha mama akaikung'uta khanga yake na kusema, kwa darasa lake zima, kwamba walichosoma wamekisoma, lakini mdomo si utepe. Wakaitikia. Mpaka leo sijasikia kwamba yeyote alisema.

Tulizikusanya jioni ile na Jumapili yote, na sijawahi kucheka vile tangu utoto. Kijiji kizima kilikuwa kimefungwa kwa ofisi yetu. Tulifungua kuni, tukafungua vizimba, tukafungua ungo uliokarabatiwa. Mwanamke mmoja alikuwa amesuka kikapu, utepe mmoja na ukili mmoja, kizuri sana. Tulikifumua huku analalamika, na mama akamwahidi kamba za mwaka mzima. Watoto walirudisha vile vigurudumu vya plastiki, walivyokuwa wamevifanya magari. Kila kipande tulikifutia vumbi na kukizungusha mahali pake.

Jumapili adhuhuri zilikuwa sita.

"Saba," nikasema. "Mama, nilileta saba."

"Sita ndizo za kufungia," akasema. "Ule mwingine ni wangu."

Akaingia ndani, akatoka na utepe umezungushwa kwenye gunzi la hindi, vizuri, mzungo juu ya mzungo. Hakunipa. Aliketi kizingitini, akatafuta mahali anapopajua, akavuta kiasi cha mikono miwili, akakielekeza kwenye mwanga wa mlango. Akasoma, kidole kinasogea.

"Ma-ma ya-ngu. Ni m-ja-ne. Ha-ju-i ku-so-ma. Wa-la. Ku-a-ndi-ka."

Niliikumbuka barua ile papo hapo. Jioni moja baada ya kazi, kwa mashine ya umma, niliandika kuomba nyumba ya watumishi Tangini, yenye vyumba viwili, ili nimchukue mama nikae naye. Nikaweka kila kitu cha kumlainisha mkuu. Mjane, mzee, hajui kusoma. Nilikuwa nimeyachapa kwa mkupuo mmoja, hata sikufikiri ni nani ninayemwandika.

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa ya moto. Nikasema mama nisamehe.

Akaniambia alikaa na mstari ule siku tatu. Siku ya kwanza alipata "mama" akafurahi, maana "mama" ni neno la kwanza kwenye kitabu chao. Siku ya pili akapata "mjane". Siku ya tatu, alipomaliza, ndipo akafahamu kwamba anayesemwa ni yeye. Alikasirika, akanuia kuja Kibaha kunisomea mimi.

"Halafu nikacheka peke yangu jikoni," akasema. "Asiyejua kusoma hatukanwi kwa barua. Mie nilikuwa nimeshatukanwa." Akalizungusha gunzi lake. "Hiyo barua yako ina uongo, mwanangu. Ukaiandike upya."

Nililia na kucheka kwa pamoja, nikapaliwa, akanipiga mgongoni kama nina kikohozi.

Utepe wa saba bado hakunipa. Alisema hautoki mkononi mwake mpaka auone unaingia motoni, na kwamba yeye ndiye aliyeziweka, basi yeye ndiye atakayezikabidhi. Nilijaribu kumweleza kamati ni nini. Alikuwa ameshaanza kupiga khanga zake pasi ya mkaa.

Kwa hiyo Jumatatu saa nne mbele ya kamati tulisimama wawili. Mama aliwaamkia wote, akaweka tepe sita mezani, na juu yake gunzi. Niliungama kila kitu isipokuwa lile darasa. Nilisema zilitumika kufungia mizigo, na ilikuwa kweli. Mzee wa bohari alizihesabu, akavuta kipande hapa na pale, akapima kwa rula ya mbao, akaridhika. Mama alikuwa anawatazama wanakamati mmoja mmoja, na nilijua anamtafuta bwana wa Kigoma, nikamfinya.

Kulikuwa na cheti cha kuteketeza, na chini yake pa kutia sahihi mtu aliyekutwa na mali. Mzee alimtazama mama, khanga zake mbili na miguu yenye vumbi la njiani, na kwa heshima zote akafungua kibati cha wino na kukisogeza karibu na kidole gumba chake.

Mama alikifunika. Akakirudisha kwake taratibu, akanyoosha mkono apewe kalamu.

Sijui ilichukua muda gani. Aliandika jina lake, na la baba yake, na la babu yake, herufi moja moja, anainua kalamu na kuitazama kabla hajashusha nyingine. Wahasibu walikuwa wamejaa mlangoni kama siku ile ya mashine. Alipofika jina la tatu nafasi iliisha, akaendelea pembeni mwa karatasi.

"Mama yangu," alisema mzee wa bohari, "sahihi haihitaji jina lote."

"Yangu inahitaji," akasema mama.

Tukazichoma kwenye pipa. Zilinuka vibaya sana, na moshi wake mweusi ulitufuata kila tulikogeuka. Gunzi mama alilitoa kwanza, akalitia kwenye kikapu, kwa kuwa gunzi bado linafaa.

Mimi kazi nilibaki nayo. Nilipewa barua ya onyo kali, na kwa kuwa mpiga chapa nilikuwa peke yangu, niliichapa mwenyewe, nakala mbili, kwa mashine ya mkono. Nilichapa vizuri. Nyumba nilikuja kuiomba tena baadaye, kwa barua fupi zaidi, na sikuipata, na wala mama hakuitaka. Alisema Tangini hakuna pa kulima. Tangu siku hiyo nilimwandikia barua ndefu, za kila kitu, maana jirani hakuwemo tena.

Lakini mchana ule nilimsindikiza mama barabarani kusubiri lori. Tuliketi kwenye jiwe, akaniuliza ni karatasi gani hiyo ninayoikunja na kuikunjua. Nikampa. Akaiweka magotini, akailainisha kwa kiganja, akaanza kusoma barua ya onyo kali tangu nembo mpaka mhuri, kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Lori lilifika, utingo akapiga bodi kwa mkono akisema twende mama, naye akamwinulia kidole asubiri. Alimaliza, akaikunja pale pale ilipokuwa imekunjwa, akanirudishia.

"Hii," akasema, "haina uongo."

Akapanda lori.